Misumari Saba Mdomoni

Fundi viatu huyu watu walimwita Redio, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukipita mbele ya chumba chake cha kazi, kile kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la madaftari, ulimsikia kabla hujamwona. Anaongea na mteja. Mteja akiondoka, anaongea na kiatu. Kiatu kikiisha, anagonga ukuta na kumuuliza muuza dawa kama amepata habari za jana. Muuza dawa, ambaye ameshazipata mara tatu kutoka kwake yeye huyo huyo, hujibu kwamba bado, maana kujibu kwamba amezipata hakujawahi kumwokoa mtu.

Si mtu mbaya, hilo tuliweke wazi mapema. Kiatu alichokishona Redio hakirudi. Mkono wake mwepesi, moyo wake mweupe, mteja asiye na haraka atapigiwa hata rangi bila kuomba. Ila mdomo hauna breki. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na ungeapa walisema hivyo wakiwa wamekaa kwenye benchi lake wanasubiri viatu.

Na kwa sababu ya mdomo huo, ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwamo mtu asiyeongea naye. Huyo ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Si kwamba hakumheshimu. Alimwamkia vizuri kila siku: shikamoo baba, chakula tayari baba, usiku mwema baba. Maneno hayo yalitoka yamekunjwa na kupigwa pasi, na baada ya hapo hamna kitu. Hali ilikuwa hivyo kwa miaka miwili.

Sababu Redio aliijua, ingawa alipenda kuizunguka. Miaka miwili nyuma, binti alimweleza asubuhi moja, kwa siri, kwamba kuna kijana angependa kuja nyumbani kujitambulisha. Ilipofika saa nane mchana, muuza dawa alikuwa ameshampa hongera, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ameshauliza rangi ya sare, na mwanamke mmoja asiyemfahamu hata kidogo alimsimamisha njiani kumuuliza kama ni kweli kijana ana upara. Huko ndiko kumwaga mtama penye kuku wengi. Miezi mitatu baadaye uchumba ukavunjika, na Redio, kwa uchungu wa mzazi, akatangaza na hilo. Akasimama kanisani wakati wa maombi, akaomba kwa sauti ya juu kwamba Bwana amfute machozi binti yake aliyeachwa na mtu asiye na haya. Binti alikuwa amekaa benchi la tatu. Tangu Jumapili ile alifunga duka la maneno.

Sasa alikuwa amepata kazi ya maabara katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Angeondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Zilibaki wiki nne.

"Akiondoka hivi hivi, nimempoteza," Redio alimwambia mkewe. "Mtoto anakwenda zake na moyo umefungwa. Na mimi nimemsemesha kila namna. Nimemsemesha asubuhi, nimemsemesha jioni."

Mkewe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Umemsemesha, kweli. Ukoo mzima unajua umemsemesha. Umeshawahi kumsikia?"

Redio alianza kujibu, akaendelea kujibu kwa robo saa, na mchele ukawa umekwisha kuchambuliwa.

Hata hivyo neno lile lilimchoma. Akaamua kwamba hili si la kibinadamu, hili ni la kupeleka kwa Mungu, tena kwa mpangilio. Maana kusali alisali siku zote, lakini alisali kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani: hodi, habari za hapa, haya mimi napita. Safari hii alitaka ibada ya kweli, ya kila siku. Akatangaza, na bila shaka alitangaza, kwamba kuanzia Jumatatu ataamka saa kumi na moja alfajiri na kupiga magoti saa nzima.

Jumatatu aliamka kweli. Alipiga magoti sebuleni juu ya mkeka, akafumba macho, akaanza kumpasha Mungu habari. Alimweleza bei ya gundi ilivyopanda. Alimweleza kisa cha muuza dawa na mteja aliyerudisha dawa nusu chupa, akakieleza tangu mwanzo, akiigiza na sauti, asije Mungu akakosa utamu wake. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Alipofika penye ugomvi wenyewe, uliotokea Jumanne, sauti ya usingizi ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Fundi," jirani akasema, "ilikuwa Jumatano."

Redio alimshukuru, akasahihisha mbele za Bwana, akaendelea.

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano alichelewa dakika ishirini. Alhamisi jirani alikuja kuomba kwa adabu, kwa kuwa ana kazi ya zamu, kwamba labda ibada ihamie jikoni. Ijumaa Redio alipiga magoti jikoni na kulala hapo hapo, paji la uso likiwa juu ya kiti cha kamba. Alipoamka kumekucha, alisema amina kwa nguvu, akatoka kwenda kazini kifua mbele kwa kuwa ameomba hadi jua limetoka. Mkewe alimtazama usoni na kuona kamba za kiti zimechora mistari kutoka nyusi hadi utosini. Hakusema kitu hadi jioni, na jioni alisema maneno matatu tu. "Nguvu ya soda."

Jumamosi hakuamka. Ndipo moyo ukamshuka kweli. Alijiona mtu wa hovyo, mtu ambaye hata na Muumba wake hawezi kushika miadi siku sita. Na wiki moja ilikuwa imekwenda, na binti alikuwa ameanza kukunja nguo za safari.

Jumatatu iliyofuata mama mchungaji alileta kiatu. Huyu mama, kabla ya kuitwa mama mchungaji, alifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na hadi leo akikutazama unajisikia kutoa daftari. Kisigino cha kiatu chake cha kulia kilikuwa kinacheza. Alivua, akakaa kwenye benchi, mguu mmoja umevaa na mmoja umepanda juu ya gazeti, akasubiri.

Redio alimmwagia yote: ibada, jirani, kiti cha kamba, binti, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alieleza huku akibandua kisigino cha zamani, akaeleza huku akikwangua gundi, akaeleza huku akikata kipande kipya cha mpira. Kisha akachota misumari midogo kutoka kwenye kopo, akaibana midomoni kama mafundi wa viatu wanavyofanya, vichwa vikitazama nje, ili mkono mmoja ushike kiatu na mwingine nyundo. Akaanza kugonga. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mama mchungaji akatega sikio. Chumba kilikuwa kimya. Alisikia nyundo, akasikia feni ya duka la dawa, akasikia mtu anaburuta kiti duka la madaftari.

Msumari wa saba ulipoingia, Redio alisema, "Sasa kama nilivyokuwa nakwambia, mama..."

"Ngoja kwanza," mama mchungaji akasema. "Kisigino kimoja ni misumari mingapi?"

"Saba. Kikiwa kipana, tisa."

"Na unachukua dakika ngapi?"

"Mbili. Tatu, kama ngozi ni ngumu."

"Kwa siku visigino vingapi?"

"Siku ya kawaida? Kumi na mbili, kumi na tano."

Mama mchungaji alitazama juu kidogo, kama kuna ubao pale darini. "Basi unayo nusu saa kila siku ambayo umefungwa mdomo. Nusu saa na chenji. Na wewe unahangaika kuamsha majirani."

"Mama, ile si ibada. Ile ni misumari."

"Usitafute saa mpya, fundi. Saa zote zina wenyewe. Ibada ya kila siku ishikize kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, la sivyo itakuwa kama kifungo kisicho na shati. Misumari ikiingia mdomoni, mwambie Bwana: mimi hapa. Basi. Halafu nyamaza."

"Nimwombe nini?"

"Usiombe kitu. Umeomba wiki nzima, hata jirani ni shahidi. Sasa mpe nafasi naye."

"Na akinyamaza?"

"Mnyamaze wote wawili. Kwani mkeo na wewe hamjawahi kukaa kimya pamoja?" Akajikumbusha anaongea na nani. "Haya, muulize mkeo. Atakwambia angependa."

Akavaa kiatu, akakanyaga mara mbili kupima, akaondoka.

Redio alianza siku ile ile, na nawaambieni, siku tatu za kwanza zilikuwa mateso. Alikuwa hajui kwamba mdomo ukifungwa, kichwa kinaendelea kutangaza. Misumari saba mdomoni, mimi hapa Bwana, na papo hapo kichwani tangazo linaanza: bei ya gundi, muuza dawa, timu iliyofungwa, yule mteja wa viatu vya kahawia hajaja kuvichukua. Alirudi nyumbani kichwa kinauma. Lakini kazi ni kazi. Kisigino kingine kikaletwa, na misumari ikaingia tena, na akasema tena mimi hapa. Uzuri wake ni huo. Hakukuwa na kuchelewa wala kulala, na akipotea kwenye kisigino hiki, kinachofuata kiko njiani. Siku ya nne, kwenye kiatu cha askari chenye kisigino kipana cha misumari tisa, kilitokea kitu kidogo. Palikuwa kimya hata ndani. Labda kwa misumari miwili hivi. Redio alishangaa sana, na akiwa anashangaa, ukimya ukakimbia.

Alifurahi kama mtoto. Akamwambia mkewe, na mkewe akamwandikia mstari mmoja wa Neno kwenye karatasi ya kufungia sukari awe anatembea nao kwenda kazini, mmoja tu, wiki nzima ule ule. Na jioni akifagia vipande vya ngozi, akazoea kushukuru kwa kila mtu ambaye kiatu chake kimepita pale. Hayo yote yalikuja yenyewe, moja likilivuta jingine, haba na haba.

Kisha akameza msumari.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Refa. Huyu Refa ni mwamuzi mstaafu wa mpira, mtu ambaye kazi yake ya sasa ni kukaa kwenye benchi la Redio kuanzia saa nne na kusema maneno ya kuchokoza. Siku hiyo Redio alikuwa na misumari mitano mdomoni, ametulia, yuko na Bwana wake, na Refa akasema polepole, akitazama barabarani, kwamba lile goli la fainali lilikuwa la kuotea. Goli lile Redio alilishuhudia kwa macho yake mawili. Akafungua mdomo atetee haki. Misumari minne ilidondoka mapajani. Wa tano ukaenda zake chini.

Binti ndiye aliyempeleka hospitali, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani na ndiye anayezijua njia za hospitali. Redio akapigwa picha, na msumari ukaonekana umetulia tumboni, umelala, hauna neno na mtu. Wakaambiwa wakae kwenye benchi la korido wamsubiri daktari. Wakakaa saa mbili. Redio aliwaeleza wagonjwa wa kulia, wakaelewa, akahamia wa kushoto. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu, alisoma picha na kumwambia ale chakula kama kawaida, arudi baada ya siku tatu, na akisikia maumivu aje mbio.

"Na huko mbele, baba," daktari akasema, "chagua kimoja. Maneno au misumari. Viwili pamoja haviwezekani."

Msumari uliondoka siku ya pili, bila tabu, kwa njia ambayo misumari hupitia. Mtaa mzima ulipewa taarifa. Mkewe, tangu hapo, kila jioni alimuuliza swali moja: iliingia saba, ilitoka saba? Na Redio akarudi kwenye kiti chake cha kazi, safari hii na woga kidogo, na woga ule ukamsaidia. Misumari ikiingia, hata Refa afanyeje, mdomo haufunguki.

Jumatano ya wiki ya mwisho alikuwa anagonga kisigino cha kiatu cha shule. Amesema mimi hapa. Msumari wa kwanza, wa pili. Kichwa kimenyamaza, kwa kuwa sasa kilikuwa kinajua kunyamaza kidogo. Na katika kimya kile likaja neno moja, wala halikutoka mbinguni kwa ngurumo. Ilikuwa sauti ya binti yake, kwenye lile benchi la korido, siku ile ya hospitali.

"Baba, kuna kitu nataka nikwambie."

Nyundo ilisimama hewani. Alilisema. Alilisema kabisa, kwa sauti ya chini, amemgeukia. Na yeye alikuwa amejibu nini? Akakumbuka. Alikuwa amesema, "Subiri mwanangu, huyu mzee hajasikia habari ya msumari." Binti akafunga mdomo, akatazama vigae vya sakafu, na wakakaa vile hadi walipoitwa. Miaka miwili alikuwa anasubiri mlango ufunguke, na ulipofunguka yeye alikuwa anaongea na mtu mwingine mlangoni.

Redio alilia, misumari mdomoni. Refa alimwona, akadhani ameumia kidole.

Usiku ule kwenye chakula alijitahidi. Aliweka kijiko chini na kusema, "Mwanangu, siku ile hospitali ulitaka kuniambia kitu." Binti aliinua uso. Hapo ndipo angenyamaza. Lakini bila misumari mdomo ulikuwa mtupu, na woga wa kukosa ukaujaza. "Maana najua nilikukatiza, na nimelifikiria sana, na kama ni habari ya yule kijana, mimi nilishamsamehe, ingawa alichofanya..."

"Si kitu, baba," binti akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Alhamisi akawa mtu wa majonzi. Visigino kumi na vinne, na kila kimoja alisema mimi hapa, nimeharibu tena. Hakujibiwa chochote. Lakini hakuachwa peke yake pia. Hilo alilisikia kifuani, na hata leo hawezi kulieleza vizuri, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni muujiza.

Kitu asichokijua ni kwamba binti alikuwa amepita mbele ya kile chumba mara mbili wiki ile, akielekea duka la dawa. Mara zote mbili alimwona baba yake ameinama, kimya, uso umetulia. Akarudi nyumbani na hofu.

"Mama, baba anaumwa?"

"Hapana," mama yake akasema. "Anasali."

Ijumaa, saa tisa mchana, binti alisimama mlangoni ameshika viatu vyake vyeusi vya kazi. "Shikamoo baba. Kisigino cha hiki kimelegea. Nitakihitaji kesho."

"Marahaba mama. Kaa." Kisha, kabla ya neno la tatu kutoka, akachota misumari saba kwenye kopo, akaibana midomoni.

Binti alimtazama Refa. Refa aliwahi kusoma nyuso za wachezaji ishirini na wawili kwa wakati mmoja. Akakumbuka ghafla kwamba anahitaji dawa ya kifua, akainuka kwenda duka la jirani.

Redio aligonga msumari wa kwanza. Mimi hapa, akasema moyoni, na hakujua vizuri alikuwa anamwambia nani kati ya wawili.

"Baba," binti akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Yule kijana hakuniacha. Mimi ndiye niliyemwacha."

Msumari wa pili ulipinda. Redio aliung'oa polepole, akauweka pembeni, akachukua mwingine mdomoni.

"Ulipokuwa unaniombea kanisani, niliona aibu, lakini si kwa sababu watu walijua. Nilikuwa nimekaa pale namsikia baba yangu anamwambia Mungu kitu ambacho si kweli, na ukweli ninao mimi, na hajaniuliza."

Msumari wa tatu. Maneno yalimpanda Redio kooni kama maji ya moto: pole, na nisamehe, na kwa nini hukusema, na mbona yule kijana alionekana mwema. Yote yalifika kwenye meno na kukuta misumari.

"Alikuwa mtu mzuri. Hakunikosea kitu." Binti alifuta vumbi la benchi kwa kidole. "Ila alikuwa anaongea sana, baba. Nikianza jambo, analimalizia yeye. Nikasema moyoni, mmoja ninaye nyumbani, nampenda, siwezi kuongeza wa pili."

Nyundo iligonga kidole. Redio hakutoa sauti. Macho yalijaa, na hata mwenyewe hakujua ni kidole au ni yale maneno, ingawa sisi tunajua. Wa nne. Wa tano. Wa mwisho aliushindilia taratibu sana, kwa kuwa aliona misumari inaisha. Kisha ikaisha. Kisigino kilikuwa imara, mdomo ulikuwa mtupu, na binti alikuwa amesimamisha maneno yake, mabega yamepanda kidogo, anasubiri mvua ianze.

Redio alinyoosha mkono kwenye kopo. Akachota misumari saba mingine, akaibana midomoni, akavuta kiatu cha pili.

Binti alikitazama kile kiatu. "Hicho ni kizima, baba."

Redio aliitikia kwa kichwa. Akaweka msumari wa kwanza kwenye kisigino kizima, akagonga.

Binti akacheka. Alicheka hadi akashika benchi, na muuza dawa akaacha kuhesabu vidonge ng'ambo ya ukuta, maana kicheko kile hakikuwa kimesikika mtaani kwa miaka miwili. Alipomaliza, alijifuta macho kwa kiganja, akasogea karibu, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi.

"Naogopa kwenda. Sijamwambia hata mama. Nimepata chumba peke yangu. Sijawahi kuamka kwenye nyumba ambayo sikusikii. Nilikuwa nakukasirikia, lakini nilikuwa nakusikia." Akavuta pumzi. "Nitakupigia simu kila Jumapili jioni. Nitaanza kuongea mimi. Nikimaliza, ndipo uongee wewe, na uongee sana."

Redio akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Machozi yalishuka hadi kwenye vichwa vya misumari na hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Alipomaliza, alivipiga rangi viatu vyote viwili, akavisugua hadi vikang'aa, akampa kwa mikono miwili. Ile misumari miwili mitatu iliyobaki alikuwa bado nayo mdomoni. Binti aliinama akagusa bega lake, akasema asante baba, akaondoka akitembea haraka, kama mtu aliyetua mzigo na bado miguu haijaamini.

Redio alitema misumari kiganjani. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa neno moja, asante, na alipomaliza kulisema hakutafuta la kuongezea.

Refa alirudi, hana dawa yoyote mkononi. Ukutani ikasikika sauti ya kiti kikisogezwa, maana muuza dawa naye alikuwa amekuja kukaa karibu. Duka la madaftari, mtu alizima feni.

"Enhe," Refa akasema, akijiweka sawa kwenye benchi. "Naona binti amekaa sana. Anasemaje?"

Redio alimtazama rafiki yake. Alitazama ukuta. Kisha akachota misumari saba, akaibana midomoni, akavuta kiatu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ndala ya plastiki.